Presha: neno moja, maana tofauti

Katika soko la Mchikichini, neno "presha" halikosekani. Muuza mitumba anasema anayemdai anampa presha. Jirani analalamika kuwa maji ya bomba hayana presha. Mamalishe anasema presha yake imepanda. Neno ni lilelile, lakini maana ni tofauti, na kuzichanganya kunaweza kugharimu maisha.

Neno limetoka wapi?

Limetoka kwenye neno la Kiingereza "pressure", lenye asili ya Kilatini na maana ya kubana au kukandamiza. Hospitalini huitwa shinikizo la damu: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Mwaka 1896, daktari Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza kipimo chenye mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Vipimo vingi vya leo bado vina mkanda wa aina hiyo.

Je, presha ni mawazo?

Hapana. Hofu au hasira huweza kupandisha shinikizo kwa muda. Ugonjwa wa shinikizo la juu la damu ni tofauti: shinikizo hubaki juu hata ukiwa umetulia, na wengi hawasikii dalili yoyote. Kwa hiyo usiseme, "Sina mawazo, basi sina presha," wala, "Nimetulia, naacha dawa." Bila matibabu, ugonjwa huu huweza kuleta kiharusi na kuharibu moyo, figo na macho.

Namba zina maana gani?

Namba ya juu huonyesha shinikizo moyo unaposukuma damu. Ya chini, moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima, chini ya 120/80 ni kawaida. Ikifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa ya chini, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni shinikizo la juu.

Ufanye nini?

- Pima hata kama unajisikia mzima.
- Punguza chumvi na fanya mazoezi.
- Usiache dawa bila kuzungumza na daktari.
- Usimeze dawa ya jirani. Huenda "presha" yako ni ya kushuka.
- Ukipata maumivu ya kifua, uso kupinda, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito, wahi hospitali mara moja.

Ukiambiwa "una presha", uliza: "Ni ngapi?"