Kushirikishwa: Neno Tupu la Kililana



Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie neno moja: kushirikishwa.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii. Unatangaza jina la kisanduku cha kuhifadhia thamani, halafu huweki kitu ndani. Programu inakubali na kuendelea, mpaka pale mtu atakapoitisha kilichomo. Hapo ndipo inapoanguka.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilitangaza neno kama hilo. Kifungu cha 10 kinasema kushirikishwa kwa wananchi ni mojawapo ya maadili ya taifa. Lakini kushirikishwa vipi? Lini? Kwa lugha gani? Kisanduku kilikuwa kitupu.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET huko Lamu. Bandari ilipangiwa gati 32, na mahali pake ni Kililana, upande wa bara wa ghuba ya Manda, penye mashamba na mikoko.

Mwaka huohuo wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani. Upande wa serikali ulisema wananchi walishirikishwa. Wakazi wakaitisha kilichomo ndani ya neno hilo.

Thamani ilianza kupatikana mbali na pwani. Mwaka 2015, katika kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui, Mahakama Kuu iliorodhesha masharti: habari ziwafikie watu, wanaoguswa na mradi wahusishwe kwa makusudi, na maoni yao yazingatiwe kwa nia njema. Mwaka 2018 kipimo hicho kikatumika Lamu. Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki za wakazi zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari na ya kushirikishwa, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Kililana yalivunja: hukumu ilipotoka, bahari ilikuwa imeshaanza kuchimbwa. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Kila mwandishi wa programu anajua kanuni hii: thamani huwekwa kabla ya kutumia, si baada. Basi ukisikia tena "wadau wameshirikishwa", uliza tarehe. Ilikuwa kabla ya uamuzi, au baada?

Tuonane tena.