Lapdap na Damu ya Pwani

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilipoanza kazi katika hospitali ya wilaya ya Kilifi mwaka 1989, mtoto wa Pwani akishikwa na homa, mama yake mara nyingi alianzia dukani. Huko alipata klorokwini: chungu, ya bei nafuu, na iliyowawasha wengi mwili mzima. Watu waliivumilia kwa kuwa homa ilishuka. Kisha vimelea vya malaria vikawa sugu.

Mwaka 1998 Kenya ilihamia dawa ya Fansidar. Dozi ilikuwa moja tu, na madhara yake ya kutisha, kubabuka ngozi, yalikuwa nadra. Ila dawa hiyo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo vimelea vinavyoingia baadaye hukuta mabaki yasiyotosha kuviua na hujifunza kuyashinda.

Bill Watkins, mtaalamu wa dawa aliyefanya utafiti nchini Kenya, alikuwa amejaribu njia nyingine tangu miaka ya 1980: kuunganisha klorproguanili na dapsoni, dawa ya siku nyingi ya ukoma. Zote mbili hutoka mwilini upesi. Hapo ndipo ilipotoka Lapdap, vidonge vya siku tatu vilivyosajiliwa Uingereza mwaka 2003. Katika jaribio la zaidi ya watoto 1,800 wa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, Lapdap iliishinda Fansidar.

Jaribio hilohilo lilionyesha pia kasoro. Baadhi ya watoto walipungukiwa damu ghafla.

Hao walirithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga seli nyekundu za damu. Dapsoni huzipasua seli zisizo na kinga hiyo, na mtoto mwenye malaria huwa tayari damu yake ni haba. Wavulana huathirika zaidi, kwa sababu jeni ya kimeng'enya hicho iko kwenye kromosomu ya X. Jeni yenye hitilafu imeenea kwenye maeneo ya malaria kwa sababu ina faida: utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wasichana wenye nakala moja yenye hitilafu hupata malaria kali kwa nadra zaidi. Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa malaria iligongana na kinga ambayo malaria yenyewe iliwaachia.

Kipimo cha G6PD kingeweza kuwatenga walio hatarini, lakini zahanati na maduka ya vijijini hayakuwa nacho. Februari 2008, baada ya majaribio ya Lapdap pamoja na atesuneti kuonyesha hatari ileile, kampuni ya GlaxoSmithKline iliiondoa sokoni. Kufikia hapo Kenya ilikuwa imeshachagua dawa ya mseto, dozi sita kwa siku tatu, inayofaa kumezwa pamoja na chakula.

Suala la G6PD lilirudi na primakwini, dawa nyingine ya malaria inayopasua seli zisizo na kinga hiyo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipunguza dozi yake moja ya kuzuia maambukizi hadi miligramu 0.25 kwa kilo, ili itolewe bila kupima kwanza.