Mtambo mdogo wa FM wa mafunzo
Mtambo mdogo wa FM ni kifaa cha kurushia matangazo, mara nyingi cha chini ya wati 1, ambacho wanafunzi wa uhandisi hukiunda ili waijue redio kwa vitendo. Osileta yake huzalisha mawimbi kati ya megahezi 87.5 na 108. Sauti ya maikrofoni hubadilisha volteji ya diodi ya varakta, na masafa hupanda na kushuka kuifuata, kwa kawaida yasizidi kilohezi 75 kila upande. Kichujio cha hamoniki kisiachwe kamwe: mtambo wa megahezi 100 usiochujwa huvujisha pia 200 na 300, ukavuruga mawasiliano ya wengine. Majaribio hufanywa kwa rezista ya omu 50 badala ya antena. Kurusha hewani nchini Tanzania huhitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).