Asbesto: nani anaweza kudai fidia?

Je, ulikata au kubomoa paa za asbesto jeshini au kazini? Vumbi lake huharibu mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 10 hadi 40 baadaye. Ukikohoa muda mrefu au kukosa pumzi, nenda Hospitali ya Bwera. Mweleze daktari kazi uliyofanya, na uombe ripoti ya maandishi.

Utadai wapi?

• Mfanyakazi wa kiraia, mkimbizi au mwenyeji: unalindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema, kisha umwone afisa wa kazi wa wilaya, Kasese.

• Mwanajeshi wa Uganda: sheria hiyo haiwahusu wanajeshi walio kazini. Ukiugua kwa sababu ya utumishi, peleka madai Wizara ya Ulinzi na Maveterani, pamoja na namba ya jeshi, barua ya kuachishwa na ripoti ya daktari.

• Uliyetumikia jeshi la nchi nyingine: unadai kwa nchi hiyo. Kama wewe ni mkimbizi, ongea na mwanasheria kabla ya kwenda ubalozini; inaweza kugusa hadhi yako ya ukimbizi.

Tunza nakala za kila karatasi. Mtu akikuomba pesa ili asukume faili lako, usimpe.