Masalio ya Chungu: Historia Fupi ya Teff, Gluteni na Hataza ya Uholanzi

Wakati wa likizo ya Desemba mwaka jana, jirani yetu mtaani Kabalagala, hapa Kampala, alisafiri na mwanawe kwenda kwao Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, kuhudhuria msiba. Aliniachia kopo la plastiki lenye rojo la unga chini na maji ya manjano juu yake, yenye harufu kali ya uchachu. Aliniagiza mambo mawili. La kwanza, kila baada ya siku chache nimwage maji kidogo na kuongeza unga wa teff. La pili, nisiruhusu unga wa ngano uguse kopo hilo hata chembe. Mwanawe ana ugonjwa wa seliaki, na ngano kidogo tu humharibia tumbo kwa siku kadhaa.

Katika juma la tatu unga wa teff ulikwisha. Teff ni ghali Kampala, na nyumbani kwetu kulikuwa na mfuko mzima wa unga wa ngano wa chapati. Nilisimama jikoni nikijiuliza: haya ni masalio tu ya unga uliochacha, nani atajua? Swali hilo ndilo lililonipeleka maktabani. Insha hii inaeleza historia ya masalio hayo, na inajenga hoja kwamba ujuzi uliohifadhiwa kwa kupokezana chunguni unaweza kuwa wa kale na wa hakika, lakini sheria na soko visiutambue mpaka mtu mwingine auandike kwa jina lake.

Chungu kisichosuguliwa

Teff ni nafaka ndogo mno iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea. Unga wake ndio unaotengeneza injera, mkate mpana, laini na wenye uchachu unaoliwa kila siku katika nchi hizo. Unga hukorogwa na maji, kisha huongezwa ersho, yaani yale maji ya manjano yanayojikusanya juu ya rojo lililochacha na ambayo huhifadhiwa kutoka mapishi ya awali. Nyumba nyingine hazihifadhi maji hayo, ila chombo cha kuchachulia hakisuguliwi kikatakata, na kile kinachobaki ukutani mwa chombo huanzisha mapishi yanayofuata. Baada ya siku mbili au tatu, bakteria wanaotoa asidi huwa wamelipa rojo uchachu wake, na hamira za asili zimeanza kutoa hewa.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulipita haraka. Unga wa ngano una gluteni, protini inayonata na kuvutika kama wavu ikinasa hewa, ndiyo maana mkate wa ngano huumuka. Teff haina wavu huo. Hewa yake ingetoka yote na mkate ungebaki bapa na mgumu. Wapishi wa Ethiopia walipata njia nyingine. Wao huchota sehemu ya rojo lililokwisha kuchacha, huichemsha kwa maji mpaka iwe kama uji mzito uitwao absit, huiacha ipoe, kisha huirudisha katika rojo lililobaki. Wanga uliochemshwa hushika maji, hulifanya rojo liwe zito na huisaidia hewa isitoroke. Rojo humiminwa kwa mzunguko juu ya mitad, bamba pana la udongo lililo motoni, likafunikwa. Injera huiva upande mmoja tu, na upande wa juu hujaa vitundu ambavyo Waamhara huviita macho. Injera isiyo na macho ni injera iliyoshindikana.

Hii ni teknolojia. Haikuandikwa katika kitabu cha maabara, lakini ina hatua, ina vipimo vya mkono na jicho, na inarithishwa, mara nyingi kutoka mama kwenda kwa binti. Masalio ya jana ndiyo kiungo cha kwanza cha leo.

Gondar, 1770

Mtu anaweza kuuliza: je, kuna ushahidi wa maandishi? Upo. James Bruce, msafiri wa Uskoti, aliingia Gondar mwaka 1770 akitafuta chanzo cha Nile. Kitabu chake cha safari kilichapishwa mwaka 1790, na ndani yake aliielezea teff na mkate wake: jinsi unga unavyowekwa chunguni na maji mpaka uchache, na jinsi mkate unavyotoka laini kama sifongo wenye ladha ya uchachu kidogo. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1927, mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alisafiri Ethiopia kukusanya mbegu, na aliihesabu nchi hiyo kuwa miongoni mwa vitovu vya asili ya mazao ya dunia.

Kwa hiyo si kweli kwamba ujuzi huu ulikuwa umefichika. Ulaya ilikuwa na maelezo ya teff katika maktaba zake zaidi ya miaka 200 kabla ya mabishano ninayoyaeleza hapa chini. Kilichokosekana ni sababu ya kuitaka teff. Sababu hiyo ilitokana na ugonjwa.

Njaa ya Uholanzi

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika kuhusu watoto waliokonda, wenye tumbo lililovimba na kuharisha kusikokwisha. Alishuku chakula, lakini hakujua chakula kipi. Jibu lilipatikana Uholanzi. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto aliyeongoza Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini The Hague, alikuwa tayari tangu miaka ya 1930 anashuku ngano. Kisha ikaja Njaa ya Baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Watu takriban 20,000 walikufa. Mkate ukaadimika, wengine wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Lakini Dicke aliona kwamba wagonjwa wake wenye seliaki hawakuzorota kama ilivyotarajiwa, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht ilithibitisha madhara ya ngano, na muda si mrefu yeye na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo limo katika gluteni.

Tangu hapo maelfu ya wagonjwa Ulaya wakaambiwa waache ngano, shayiri na rai. Baadaye wakaongezeka watu wasio wagonjwa wanaoepuka gluteni kwa hiari. Soko la unga usio na gluteni likawa kubwa, na nafaka ambayo Bruce aliielezea Gondar ikapata thamani mpya mbali na kwao.

Mkataba wa 2005

Mwaka 2005 taasisi za Ethiopia zinazosimamia bioanuwai na utafiti wa kilimo zilitia saini mkataba na kampuni ya Kiholanzi, Health and Performance Food International. Kampuni ingepata aina za teff na kuendeleza bidhaa, na Ethiopia ingegawiwa sehemu ya faida. Mkataba huo ulisifiwa kuwa mfano wa utekelezaji wa Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, unaosema nchi zina mamlaka juu ya rasilimali zao za kijenetiki na zinastahili mgao wa haki.

Hata hivyo, kabla ya mkataba huo kusainiwa, ombi la hataza lilikuwa limekwisha kuwasilishwa Ulaya. Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa kwa muda maalumu. Mwaka 2007 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliikubali. Haikuhusu mmea wa teff wenyewe bali unga wake uliosagwa baada ya nafaka kuachwa ikomae zaidi tangu kuvunwa, pamoja na rojo na vyakula vilivyotengenezwa kwa unga huo.

Mwaka 2009 kampuni iliyosaini mkataba ilifilisika. Ethiopia ilikuwa imepata takriban yuro 4,000 tu. Hataza haikufa pamoja na kampuni, bali ilihamia kwa kampuni nyingine, Ancientgrain, ambayo haikuwa mshirika wa mkataba. Ethiopia ikabaki na karatasi yenye ahadi kutoka kwa kampuni isiyokuwepo.

Ni lazima niwe mwadilifu katika hoja hii. Hataza hiyo haikumzuia mama yeyote wa Gondar kupika injera, kwani nguvu yake ilikuwa katika nchi kadhaa za Ulaya tu. Pia serikali ya Ethiopia yenyewe ilipiga marufuku kuuza teff nje mwaka 2006 kwa kuhofia bei kupanda kwa wananchi, na hilo nalo lilipunguza biashara. Lakini hataza ilimaanisha kwamba siku ambayo Ethiopia ingetaka kuuza unga wake katika nchi hizo, ingekuta mlango una mwenyewe.

Hukumu ya The Hague

Mwaka 2014 Ancientgrain iliishtaki kampuni nyingine ya Kiholanzi, Bakels, kwa kutumia teff bila ruhusa yake. Bakels ilijibu kwa kudai kwamba hataza yenyewe haistahili kuwepo. Mwishoni mwa 2018 mahakama ya The Hague iliamua kwamba kilichodaiwa hakikuwa uvumbuzi, kwa sababu mtu mwenye ujuzi wa kazi ya unga angeweza kukifikia kwa maarifa ya kawaida. Hataza ikabatilishwa Uholanzi. Habari zilipofika Addis Ababa mwanzoni mwa 2019, zilipokelewa kwa shangwe.

Nami nilifurahi niliposoma, kisha nikarudia kusoma. Walioshindana mahakamani walikuwa wafanyabiashara wawili wa Ulaya. Ethiopia haikuwa mlalamikaji. Mahakama haikusema kwamba ujuzi huu ni wa wapishi na wakulima wa nyanda za juu. Ilisema tu kwamba haukuwa mpya vya kutosha. Ushindi ulikuwa wa kweli, lakini haukumtaja mwenye chungu. Kama Bakels isingeshtakiwa, au ingeamua kulipa tu, huenda hataza ile ingeendelea kuishi.

Jambo jingine linastahili kukumbukwa. Mji ambao hataza ilibatilishwa ndio mji ambao Dicke aliwatibu watoto wake. Ujuzi wa Dicke una jina, mwaka na tasnifu. Ujuzi wa absit hauna. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa ujuzi, inatokana na namna ulivyohifadhiwa.

Kopo la Kabalagala

Nirudi jikoni. Sikutia ngano. Nilikuwa nimeelewa kwamba masalio hubeba kila kilichowahi kutiwa ndani yake: kijiko kimoja cha ngano kingeendelea kuwamo katika mapishi yanayofuata, na kopo lisingemfaa tena yule mtoto. Nilikopa pesa kwa dada yangu, nikanunua nusu kilo ya teff katika duka la Wahabeshi mtaani kwetu, nikaongeza kijiko kimoja kimoja mpaka mwenyewe aliporudi.

Alipofungua kopo alinusa, akacheka, akaniambia, “Mwanangu, bado liko hai.” Siku hiyo alipika injera, na rojo lililobaki hakulimwaga. Aliponda ndizi ndogo mbivu mbili, akaongeza unga wa muhogo ili rojo lishikane, chumvi kidogo, akakaanga vichapati vidogo vya maji kwenye kikaango. Utamu wa ndizi ulipunguza uchachu. Mama yangu alionja akasema hizi ni kabalagala, kwa sababu ndizi na muhogo ndivyo tunavyopikia kabalagala zetu tangu zamani, bila ngano, na mtaa wetu una jina hilohilo. Wakabishana kidogo, mmoja akidai ni chakula cha kwao na mwingine cha kwetu, huku mtoto akila cha tano.

Kwa kuhitimisha, historia ya teff inatufundisha sisi wanafunzi wa nchi za jirani mambo mawili. Mosi, jiko ni mahali pa ushahidi wa kihistoria, na tusisubiri msafiri kama Bruce aje atuandikie. Nilipotafuta maandishi ya Kiswahili kuhusu kabalagala, nilipata mistari michache tu. Pili, kuandika peke yake hakutoshi: maelezo ya Bruce yalikuwepo tangu 1790 na hataza ikatolewa vilevile mwaka 2007. Lazima anayeandika aandike pia nani alimfundisha, wapi na kwa lugha gani, na taasisi zetu zijue kuyatumia maandishi hayo zinapoketi mezani kusaini mikataba.

Nimeanza na mama yangu. Daftari lina kurasa sita sasa, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika jina lake na la mama yake aliyemfundisha.