Ukungu ndani ya darubini ya bunduki

Leo tuweke programu kando tuangalie darubini ya bunduki, ile ambayo mwindaji huchungulia kabla ya kufyatua. Mbali na mshindo wa risasi, adui wake mkubwa zamani alikuwa ukungu. Tena ukungu wa ndani, usiofutika kwa kitambaa! Hewa iliyofungiwa humo ilikuwa na mvuke, na baridi ikizidi mvuke unageuka matone kwenye lenzi, kama vile vioo vya matatu siku ya mvua.

Huko Portland, Marekani, kulikuwa na kampuni iliyoanza mwaka 1907 na vifaa vya wapima ardhi. Inasimuliwa kwamba Marcus Leupold, wa familia hiyo, alimkosa kulungu kwa sababu ya ukungu huo. Mwaka 1947 kampuni ikatoa darubini iitwayo Plainsman, iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa.

Naitrojeni haina miujiza jamani. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kama asilimia 78 tayari. Siri ni ukavu, pamoja na kuziba kusikovuja. Ndiyo maana fundi wa kujaribujaribu anayelegeza skrubu ili asafishe ndani anaiharibu: gesi kavu inatoka, unyevu unaingia.

Kwa nje, lenzi ina utando wa kupunguza mng'ao, uvumbuzi wa Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935. Kamera yako inao pia. Ondoa vumbi kwa brashi laini kwanza, ndipo ufute. Shati lenye mchanga litaukwaruza.