Elimu ya Kujitegemea mikononi mwa walimu

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, Rais Julius Nyerere wa Tanzania alitoa andiko fupi, Elimu ya Kujitegemea. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwalimu: alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na baadaye Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU, chama kilichopigania uhuru.

Andiko lilikosoa shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Shule hiyo iliwatenga vijana na wazazi wao wakulima, ikawafunza kudharau kazi ya mikono na kuuona mtihani kuwa ndiyo elimu yenyewe. Kwa kuwa wengi wasingefika sekondari, Nyerere alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya wachache. Kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na matumizi ya mapato. Hapo ndipo penye uzito wa andiko, na ndipo paliposahaulika: katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kulima tu, jembe bila somo.

Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakifundisha, wakisaidiwa na masomo kwa njia ya posta na redio.

Anayejiandaa kuwa mwalimu leo alisome andiko lenyewe, si muhtasari wake.